Kwa Nini Watu Hushindana Kuteleza Thelujini kwa Ubao

Mwezi wa kumi na mbili nyumba yangu hujaa. Watoto wanapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha na wajukuu wangu, na mwaka huu wamekuja na televisheni yao pana kama mlango wa zizi, eti ile yangu haionyeshi vizuri. Basi tukakaa sebuleni tukatazama watu wawili wanaoteleza kwenye mlima mweupe. Kila mmoja yuko juu ya ubao mmoja, miguu yote miwili imefungwa, amesimama ubavu kama anayejipenyeza kwenye uchochoro. Njia ya mmoja ina vibendera vyekundu, ya mwenzake vya bluu. Wanazunguka kila kibendera, wanafika chini, wanabadilishana njia, wanashuka tena.

Mjukuu wangu Anaeli akianza kuuliza haachi mpaka apewe chakula. Akaniuliza mimi, akamruka baba yake aliyesoma.

"Bibi, kwa nini hawashuki moja kwa moja? Na wakifika chini wanapewa nini?"

Baba yake akasema wanapewa medali. Anaeli akasema medali hailiki. Hapo nikajua huyu ni damu yangu, nikazima televisheni. Wakanuna wote. Nikawaambia nuneni, mkimaliza mtege masikio.

Baba Anaeli anasema mchezo huo ulianzia kwa wazungu. Mimi shule niliishia darasa la pili, sibishani na mtu mwenye vitabu. Nasimulia nilivyosimuliwa na bibi yangu, naye hakuwa mwongo isipokuwa mkimuuliza umri wake.

Wakati huo Kibo, kilele cha mlima wetu huu, haikuwa na kikofia hiki kidogo mnachokipiga picha. Theluji ilikuwa shuka zima. Ilifunika mlima kutoka kichwani, mabegani, ikashuka mpaka kwenye ukingo wa msitu, na watu walilima ndizi na ulezi chini yake wakiiona kila wakiinua shingo. Hakuna aliyeichezea. Theluji ilikuwa mama wa maji, na maji yalikuwa na utaratibu wake.

Maji yenyewe yalitoka juu, kwenye mwamba mmoja ambako barafu ilidondoka mchana kutwa. Wazee wa zamani walichimba mfereji kutoka hapo, ukapita chini ya theluji, ukatokeza kwenye ukingo wa msitu. Hapo palikuwa na mlango wa mfereji. Msifikirie mlango wa bawaba. Ulikuwa vipande vya mgomba na udongo wenye nyasi, unaziba huku, unafungua kule. Ukifungua mkono wa kulia maji yanakwenda kwa ukoo wa upande wa machweo. Ukifungua wa kushoto yanakwenda kwa ukoo wa upande wa mawio. Mfereji ulikuwa mwembamba, haukuweza kushibisha pande zote mbili, kwa hiyo upande mmoja ulipewa mwezi mzima wa kwanza wa kiangazi, na wa pili ukangoja. Sasa ulezi haungoji. Aliyepata maji ya kwanza alivuna. Aliyepata ya pili alivuna kilichobaki baada ya jua kula.

Nani apate ya kwanza? Kila ukoo ulitoa mtu mmoja. Wale wawili walipanda alfajiri mpaka kwenye mwamba, wakasafisha chanzo, wakavunja kila mtu kipande chake cha barafu, wakashuka mbio. Barafu ilikuwa ushahidi kwamba umefika kweli, hukujificha vichakani ukaota moto. Aliyefika kwanza mlangoni na barafu ambayo haijayeyuka ikawa ndogo kuliko ngumi, ukoo wake ulifunguliwa maji.

Na kwa sababu ukungu wa huko juu unaweza kukupoteza ukiwa umeshika mkono wako mwenyewe, kila mtu alipanda na mzigo wa masale. Mnayajua masale, haya majani marefu niliyoyapanda mpakani mwa shamba na kule makaburini. Alichomeka isale moja kama ufito, akapanda, akachomeka jingine, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kufuata mteremko unavyopinda. Wakati wa kurudi alipita isale kwa isale. Na kwetu isale halikanyagwi. Isale ndilo linalosema hapa pangu, pale pako. Isale ndilo mkosaji analolifunga fundo akampelekea aliyemkosea, na ukishaletewa hilo huwezi kukataa, hata kama moyo unawaka. Mtu anayeangusha isale ni sawa na anayemtemea babu yake usoni.

Upande wa machweo walikuwa na Nderumaki. Kijana wa miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi. Miaka miwili mfululizo aliwashinda upande wa mawio mpaka wakakosa mtu wa kumtuma. Mwaka wa tatu akajitokeza Mkunde.

Huyu Mkunde alikuwa mjane, mama wa watoto watatu, mpika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mbege haipikwi bila ulezi, na ulezi wake ulikauka miaka ile miwili. Mtumbwi wake wa mbege, lile gogo refu lililochimbwa tumbo, ulikaa mtupu mpaka ukakauka, ukapasuka katikati kwa urefu, ukawa nusu mbili. Mtumbwi wa mbege haupasuki ukiwa na kazi. Siku alipousikia ukilia ta! ndani ya kibanda, Mkunde alisema, "Mwaka huu napanda mwenyewe." Maana asipopata maji ya kwanza safari hiyo, alikuwa hana mbegu nyingine ya kupanda. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye kibuyu.

Mzee wa mfereji aliitwa Meku Kileo. Meku ni mzee, lakini huyu alikuwa mzee mpaka ndani ya mifupa. Siku ya kupanda alikaa kwenye kigoda chake pale mlangoni, jembe magotini, akamtazama Mkunde anakuja na masale begani na nusu ya mtumbwi anaiburuta.

Nderumaki akacheka, akamwita mae, yaani mama. "Mae, unakwenda kuwapikia mbege mawe?"

"Nakwenda nayo kubebea barafu," Mkunde akasema. "Wewe beba mdomo wako, unatosha mzigo."

Alikuwa amefikiri vizuri. Aliyetumwa na upande wake mwaka uliotangulia alifika na barafu kama punje ya hindi. Yeye alitaka jiwe zima la barafu, alivute juu ya ubao huo wa mtumbwi, hata likiyeyuka njiani libaki kubwa. Hakuwaza zaidi ya hapo. Watu wakisimulia siku hizi wanasema alikuwa na akili ya ajabu. Hakuwa nayo. Alikuwa na kipande cha mtumbwi.

Wakafika juu, wakasafisha mwamba, kila mmoja akavunja barafu yake. Nderumaki akaifunga kwenye jani la mgomba, akatimua mbio. Mkunde akaweka jiwe lake mbele juu ya ubao, akainama kutafuta kamba. Alipoinua kichwa ubao umeanza kuondoka peke yake. Akaurukia kwa mguu mmoja ili ausimamishe. Haukusimama. Akaongeza na wa pili. Sasa nusu ya mtumbwi ni nyembamba, miguu miwili haikai pamoja ikitazama mbele, kwa hiyo wa kwanza ulikaa mbele na wa pili nyuma, na mwili ukageuka ubavu, kama sisi tunavyovuka mto juu ya gogo. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyekaa chini akabuni.

Bibi yangu alisema Mkunde alipiga kelele kutoka mwamba mpaka mlangoni, na kelele yenyewe ilibadilika katikati. Ilianza ya mtu anayekufa. Ilipofika chini ilikuwa ya kitu kingine ambacho mama wa watoto watatu hakuwa amewahi kupigia kelele.

Alimpita Nderumaki kama anapita kisiki. Akafika mlangoni, akaanguka miguuni pa Meku Kileo, jiwe la barafu bado kubwa kama kichwa cha mbuzi. Upande wa mawio wakaanza kupiga vigelegele. Meku Kileo hakuinuka. Alinyoosha kidole kwenye ncha ya ubao. Hapo palikuwa pamenasa isale, limevunjika.

"Mwanangu, masale yako umeyaacha wapi?"

Vigelegele vikakatika. Ukungu ukainuka kidogo, watu wakatazama juu, wakaona fito zimelala thelujini kama walevi. Mkunde alikuwa ameshuka moja kwa moja, ameyapitia yote.

Nderumaki akafika baadaye anahema, barafu yake ndogo lakini inazidi ngumi. "Maji yetu," akasema. Meku akainua jembe afungue mkono wa kulia.

Hapo Mkunde akalichomoa lile isale lililonasa kwenye ubao, akalifunga fundo, akalishika kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya mzee. Watu walikasirika, wengine walisema anamwomba mzee radhi kwa isale lile lile alilolivunja, haya hana. Kweli hakuwa nayo. Lakini isale lenye fundo ni isale lenye fundo. Meku Kileo akashusha jembe.

"Mtarudia," akasema. "Na atakayeangusha isale asipolisimamisha, asinisogelee."

Nderumaki akaruka. "Meku, huyu ana ubao! Mimi nina nyayo."

"Mtumbwi umepasuka nusu ngapi?" mzee akauliza.

"Mbili," Mkunde akasema, na ilimuuma kusema.

"Mpe moja."

Sasa Mkunde naye akaja juu. "Sawa, achukue. Lakini njia yake iko upande wa kivuli, theluji imekaza. Yangu inapigwa na jua la asubuhi, ni uji. Ubao wake utakwenda, wangu utazama."

Mzee akashika kichwa. Bibi yangu alipenda kunionyesha alivyokishika. Akasema basi watashuka mara mbili, na mara ya pili watabadilishana njia. Wa kwanza akipita mlangoni, yeye mzee atachomeka fimbo mahali mwenzake alipofika, kisha apime kwa hatua. Atakayekuwa amemwacha mwenzake hatua nyingi zaidi, maji yake.

Aliwapa siku tatu za kujifunza, na kwa siku tatu mlango wa mfereji ulizibwa pande zote mbili, ulezi wa wote unasinyaa. Watu waliacha kazi wakaenda kutazama. Nderumaki alianguka mpaka akaisha maneno, jambo ambalo mama yake mzazi hakuwa amelipata. Siku ya pili Mkunde aligundua kwamba ukilalia visigino ubao unapinda huku, ukilalia vidole unapinda kule. Hakumwambia. Nderumaki akamchungulia akaona. Siku ya tatu Nderumaki akafunga miguu yake kwenye ubao kwa kamba za mgomba ili usimkimbie akianguka. Naye hakumwambia. Mkunde akamchungulia akaona. Walikuwa hawasemeshani, ila macho hayakubanduka.

Siku yenyewe wakapanda, wakachomeka masale upya, njia mbili sambamba. Nderumaki akachomeka yenye maua mekundu ya mlimani yamefungwa juu, Mkunde akafunga kitambaa cha kaniki, kile cheusi cha kibluu, ili kila mtu ajue lake. Meku akapuliza pembe.

Mara ya kwanza Nderumaki alikuwa kwenye kivuli chake. Akatangulia. Mzee akapima, Mkunde ameachwa hatua nne.

Wakabadilishana. Sasa Mkunde ndiye yuko kivulini kwenye theluji ngumu, Nderumaki kwenye uji wa jua. Kila mtu alijua Mkunde atatangulia. Haikuwa hivyo. Yule kijana alikuwa amejifunza kuinama mpaka vidole vikagusa theluji, na isale la kwanza, la pili, la tatu, alikuwa mbele. La nne mbele. La tano mbele. Mkunde alimwona mgongo, akaiona mbegu ile ya mwisho inakaukia ardhini, akainama zaidi, hakumfikia.

Hapo ukungu ukashuka kati yao na watu waliokuwa chini. Hakuna aliyewaona tena. Kwenye isale la sita bega la Nderumaki liligonga isale, isale likalala. Alipita. Alishapita kabisa, Mkunde aliona kwa macho yake. Chini hakuna aliyeona, na theluji ile laini ingelifukia lote. Nderumaki akakaa kitako. Akafungua kamba za miguu, akapanda hatua kama kumi akizama mpaka magotini, akalisimamisha isale, akalikandamizia theluji shinani mpaka likakaa sawa, akarudi kufunga kamba zake.

Mkunde alimpita wakati huo.

Meku akapima, Nderumaki ameachwa hatua ishirini na mbili. "Umekawizwa na nini, bwana?" akamuuliza. Nderumaki akajibu, "Nimekawia." Basi. Mkunde naye akanyamaza. Mnanitazama hivyo mkitaka niseme alimtetea? Alikuwa na watoto watatu na kibuyu kitupu. Alipokea maji, akaenda akayafuata mpaka shambani na jembe lake.

Siku ya sita tangu hapo, Nderumaki akasimama nje ya boma la Mkunde. Upande wao ulezi umeanza kugeuka rangi ya nyasi kavu. Mkononi ana isale lenye fundo.

"Mae, naomba maji."

Mkunde alimtukana. Alimtukana taratibu, kutoka miguu mpaka mdomo, akamaliza. "Ungekuja na maneno matupu ningekufukuza," akasema. Akalipokea isale. Akaingia ndani, akatoka na ule ubao wake, akatangulia kwenda mlangoni kwa Meku Kileo. Akausimamisha ubao katikati ya mfereji, wima, maji yakapasuka mawili, nusu kulia, nusu kushoto. Maji kidogo kwa kila upande. Ulezi wa mwaka ule ulitoka mfupi pande zote, lakini ulitoka, na Mkunde alipika mbege kwenye mtumbwi wa kuazima, ikawa chachu kidogo, watu wakanywa.

Ndipo wazee walipoona kwamba maji yanaweza kugawanywa kila kiangazi namna ile, na mbio za barafu zikaisha. Hazikuwa na kazi tena.

Mwaka uliofuata, siku ile ile ambayo zamani walipanda, Nderumaki akaja tena bomani. Safari hii hana isale. Ana nusu yake ya mtumbwi begani.

"Mae, tupande."

"Kwa maji gani? Maji si yamegawanywa?"

"Bila maji."

"Tukapewe nini?"

Nderumaki akakuna kichwa. Mkunde akamtazama, akaona lile isale la sita limelala, na ule mgongo ulio mbele. Mwaka mzima lilikuwa limemkereketa kooni kama mfupa. Maji aliyapata, lakini jambo moja hakulipata. Kama kijana huyu asingesimama, nani angefika kwanza? Pale penye ugumu, kabla ya mlango, angemkamata au asingemkamata? Hapakuwa na mtu wa kumjibu, hata Meku Kileo na fimbo yake.

Akaenda mferejini, akauchomoa ubao wake kwenye maji, pale akaweka jiwe. Akaukung'uta.

"Lete masale," akasema.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi yangu nani alishinda siku hiyo. Akasema walishuka, wakabadilishana njia, wakashuka tena, na walipofika chini mmoja wao akasema turudie. Ni yupi aliyesema, hakuniambia. Nadhani hakujua, na lilimkereketa vilevile.

Kisha Kibo ikaanza kuvuta shuka lake juu, mwaka hadi mwaka, mpaka ikabaki na hicho kikofia. Mchezo ukaifuata theluji ya watu wengine. Ulivyovuka bahari sijui, miye Moshi mjini tu napafahamu kwa taabu.

Kuanzia asubuhi ile ya ubao bila maji mpaka hii leo, wanaoshindana wanashuka wawili wawili, ubavu, miguu imefungwa. Hawashuki moja kwa moja, maana aliyeshuka moja kwa moja aliangusha masale. Wanabadilishana njia kwa sababu ya kivuli na jua. Mwenye vyekundu anafuata vyekundu, mwenye bluu anafuata bluu, na anayeruka kibendera hahesabiwi. Hivyo vibendera wanavyovikwepa hawajui ni masale, lakini wanavikwepa.

Nikaishia hapo. Anaeli alikuwa wa kwanza kurukia televisheni. Akaiwasha. Mlima uko pale pale mweupe, lakini watu wanaondoka, mtu mmoja anakunja vibendera anavitia kwenye mfuko.

"Bibi! Mashindano yameisha! Nani kashinda?"

"Ukijua utapewa nini?" nikamuuliza.

Hakunisikia. Alikuwa ameshamnyang'anya baba yake simu, anatafuta.